Nozeli nyekundu haikuwa na kazi pale

Kuna klipu inayosambaa ya kijana anayeosha Noah nyeupe kwa mashine ya presha. Aliloweka gari vizuri, akapiga povu kivulini, akaliacha lilainishe uchafu, akasuuza kutoka juu kwenda chini kwa nozeli ya kijani. Hongera yake. Kisha akafika bampa la nyuma, akakuta tope limekaukia pembeni, akachomoa ya kijani, akachomeka nyekundu. Hapo ndipo alipoharibu, na uamuzi ule hauna utetezi.

Twende taratibu. Mashine ni ya petroli, bar 250, yaani zaidi ya psi 3,600. Gari dogo linaoshwa likatakata kwa bar 80 hadi 130. Kwa hiyo kijana alikuwa ameshapita kipimo karibu mara mbili kabla hajagusa nozeli. Kilichoiokoa rangi hadi wakati ule ni zile nyuzi 25 za kijani: ukisimama sentimita 30 kutoka kwenye bodi, maji yanatanuka upana wa kama sentimita 13. Nyekundu ni nyuzi sifuri. Nguvu yote inatua mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Na bado akasogea, mpaka bunduki ya maji ikawa kiganja kimoja tu kutoka kwenye bampa.

Mnaomtetea mnasema geji haikusogea, presha ilikuwa ileile. Kweli haikusogea. Geji inasoma presha ya pampu; haijui maji yanatua kwenye eneo kubwa kiasi gani, na eneo hilo ndilo linaloamua kama rangi itabaki.

Rudisheni klipu nyuma kidogo, mwangalie chini ya taa ya kushoto. Jiwe lilikuwa limeshang'oa rangi, kijitundu kama punje ya mchele. Kijana akaelekeza maji kutokea kwenye plastiki iliyo wazi kwenda kwenye ukingo wa rangi. Maji yakapenya chini yake, yakainyanyua, na kipande kizima kikaondoka. Angepiga kutokea kwenye rangi nzima kuelekea kwenye kijitundu, kwa nozeli nyeupe ya nyuzi 40, bampa lingebaki salama. Tena tope lenyewe halikuhitaji presha. Lilihitaji kuloweshwa dakika chache zaidi, halafu brashi laini.

Wengine mnalaumu rangi ya mtaani. Mafundi wanaopiga rangi juu ya plastiki bila praima nimewaandika mara nyingi na sitaacha. Lakini kwa kuwa tunajua magari yetu mengi yamerudiwa rangi, mwoshaji anapaswa kulichukulia kila bampa kuwa limerudiwa mpaka athibitishe vinginevyo. Ubovu wa fundi wa rangi haumpi mwoshaji ruhusa ya kuumalizia.

Chanzo cha haya ni dukani. Mnunuzi anauliza psi ngapi, muuzaji anamtajia namba kubwa, pesa inatolewa. Lita ngapi kwa dakika? Haulizi mtu. Zile pampu za zamani za mkanda, pistoni tatu, injini ya Honda na pipa la maji pembeni, nyingi zilitengenezwa kwa kunyunyizia dawa mashambani. Presha yake ni bar 20 hadi 40, lakini zinatoa hata lita 20 kwa dakika. Pigeni hesabu: lita 20 kwa bar 30 zina msukumo mkubwa kuliko lita 6 kwa bar 120, ila msukumo wenyewe umetandazwa. Wazee walioosha kwa pampu hizo walibeba tope kwa wingi wa maji, wala hawakuwa na haraka ya kusogea karibu. Mpaka leo sijaona aliyewazidi.

Kama maji ni ya shida, mashine ndogo ya umeme ya bar 100 hadi 120 inatosha. Ile kubwa ya petroli ina kazi zake: chasisi za malori, sakafu za zege. Ukiwa huna nyingine, fungua koki ya kupunguzia presha kabla ya kugusa bodi, na nozeli nyekundu usitembee nayo kabisa. Ile ya kuzunguka, inayouzwa kwa jina la kung'oa uchafu sugu, iache pia: ndani yake kuna nyuzi sifuri zilezile, zinazungushwa tu.