Kusoma Njia: Jinsi Mtego na Mgono Vilivyofundishwa Usambara

Uwindaji wa zamani wa Washambaa wa milima ya Usambara ulitegemea mtego, shimo, wavu, mkuki, upinde na mbwa. Nyingi ya zana hizo zilitengenezwa nyumbani, na mara nyingi mtengenezaji ndiye aliyezitumia. Kwa hiyo mafunzo ya kijana aliyeandamana na baba yake mawindoni yalianzia uani, kwenye kamba. Kabla mkonge wa mashambani haujaletwa nchini mwaka 1893, kamba ilitokana na magome ya miti na nyuzi za mimea ya porini. Mtoto aliloweka, akachambua, akasokota. Kamba iliyosokotwa vibaya hukatika kwenye fundo, na kosa hilo lilionekana papo hapo bila mtu kuingia msituni.

Hatua ya pili ilikuwa kifyatuo. Katika mtego wa kitanzi, mche mbichi ulio kando ya njia ya mnyama hupindwa hadi chini. Kwenye ncha yake hufungwa kamba yenye kitanzi, na katikati ya kamba hiyo kijiti kifupi. Kijiti hunaswa chini ya ufito uliokunjwa na kuchomekwa ardhini ncha zote mbili, kisha ncha ya chini ya kijiti hicho huzuiwa na kijiti kingine cha mlalo. Juu ya mlalo huo hupangwa vijiti vyembamba vinavyofunika kishimo kidogo, kitanzi hutandazwa juu yake, na vyote hufichwa kwa majani. Mnyama akikanyaga, mlalo hushuka, kifyatuo huchomoka, mche hunyooka na kitanzi hukaza mguu. Ugumu wote uko kwenye kipimo. Kifyatuo kikilegea, hata panya hukiangusha. Kikikaza mno, paa mwenye kilo tano hupita juu yake salama. Kipimo hicho hupatikana kwa vidole tu, ndiyo maana kijana aliachiwa kutega na kutegua mara nyingi kabla ya mtego wake kuachwa porini usiku.

Hatua ya mwisho, na ndefu kuliko zote, ilikuwa kuchagua mahali. Mtego mzuri ukiwekwa mahali pabaya ni kazi bure, na mahali hapafundishiki nyumbani. Ilibidi baba na mwana watembee pamoja. Nguruwe mwitu akitoka kugaagaa hujisugua kwenye shina la mti, na kimo cha tope lililobaki huonyesha ukubwa wake. Tope bichi huonyesha amepita karibuni. Njia inayotumika kila siku haina utando wa buibui asubuhi. Mambo ya namna hii hayaelezeki yakaisha. Huonyeshwa moja moja, msimu baada ya msimu.

Nguruwe walifuatwa kwa sababu ya mazao kuliko nyama, hasa baada ya familia nyingi kuingia Uislamu na kuacha kuwala. Hapa kazi iligawanywa kwa umri: wadogo walilinda shamba kwa kelele, vijana waliendesha mbwa, na watu wazima walisimama na mikuki pale nguruwe alipotarajiwa kutokea. Mgawanyo huo una sababu ya wazi, kwani nguruwe aliyejeruhiwa humgeukia mtu. Hatari ya mawindo imo pia katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi: mwindaji Mbegha alikimbia kutoka Kilindi baada ya mtoto wa mtawala kufa walipokuwa pamoja mawindoni. Baadaye, upande wa pili wa mto Pangani, alipokewa katika milima ya Usambara kwa ustadi ule ule wa uwindaji, akiwapa wenyeji nyama nao wakampa chakula cha shamba, hadi akatawala Vugha.

Uvuvi ulidai safari ndefu zaidi. Vijito vya Lushoto, juu milimani, ni baridi na vina maporomoko, kama yale ya Soni, hivyo samaki wakubwa ni wachache. Kambale na perege wako nyikani, katika mito kama Mkomazi, Lwengera na Pangani. Chombo kilichohitaji akili zaidi huko kilikuwa mgono: kikapu kirefu cha fito, chenye koo la vijiti vilivyoelekezwa ndani ili samaki aingie asiweze kurudi. Mgono huzibia mwanya ulioachwa kwenye uzio wa fito uliokatiza mto. Swali ni mdomo uelekee wapi. Mvua zinapoanza, kambale hupanda kwenda kutaga kwenye maji ya mafuriko, basi mdomo huelekezwa upande wa chini. Maji yakipungua, samaki hurudi na mgono hugeuzwa. Utupa, mmea unaolewesha samaki, ulikuwa rahisi zaidi, lakini huua wakubwa na wadogo pamoja na haumfundishi mtoto lolote kuhusu mto.

Mabadiliko yalikuja kwa sheria na kwa waya. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri iliyodai kibali cha uwindaji. Leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kutega bila ruhusa, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu. Waya nao uliharibu ufundi wenyewe: kamba ya magome huoza, kwa hiyo mtego uliosahaulika hufa, lakini wa waya huendelea kunasa chochote.

Kilicho halali na karibu zaidi kwa mzazi na kijana leo ni bwawa la samaki. Majaribio ya kufuga perege nchini yalianza mwaka 1949 huko Malya na huko Korogwe, mji ulio chini tu ya milima hii. Juu milimani tatizo ni baridi: joto la maji likishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, perege hukua polepole na karibu huacha kuzaana. Katika mabwawa ya joto tatizo hugeuka: huzaana mno, bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua, na ndipo wavu wa kupunguza vifaranga unapohitajika mara kwa mara.