Bahasha na Sauti: Kumbukumbu za Safari za Angani Mbele ya Msomaji wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Tawasifu za wanaanga hazijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Sababu mbili zinaweza kutajwa. Kwanza, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na Kirusi, na hivyo huhesabiwa kuwa mali ya fasihi za wengine. Pili, tawasifu hizi zimezoea kukaa rafu moja na vitu vya ukumbusho: stempu, beji, picha zenye saini, vipande vya vitambaa vilivyosafiri ndani ya roketi. Anayevikusanya vitu hivyo hukikusanya na kitabu, mara nyingi kwa ajili ya saini iliyo katika ukurasa wake wa kwanza kuliko kwa ajili ya kurasa zinazofuata.

Makala haya yanajadili uhusiano baina ya kitu cha ukumbusho na simulizi ya maisha. Hoja ya msingi ni kwamba mkusanyaji hukithamini kitu kwa kuwa kilifika, ilhali fasihi humthamini msafiri kwa kuwa alirudi, akasema, na akasikilizwa na watu wenye haki ya kumsaili. Kitale na Bungoma zimeteuliwa kuwa mahali pa kutazamia suala hili kwa sababu maalumu. Kitale ina makumbusho yaliyozaliwa na mapenzi ya mkusanyaji mmoja, na Bungoma ina sanaa hai ya kuyasimulia maisha ya mtu mbele ya mashahidi. Isitoshe, miji hii miwili imeunganishwa na maisha ya mwandishi mmoja wa Kiswahili aliyetuachia tawasifu yake.

Nyumba ya Mkusanyaji

Makumbusho ya Kitale yalianza mwaka 1926 yakiwa mkusanyo wa mtu binafsi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa elimu ya viumbe. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba wadudu, wanyama na vitabu alivyovikusanya viwe mali ya taifa, pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1974, nalo huhesabiwa kuwa makumbusho ya kwanza ya bara, mbali na Nairobi na pwani.

Mdudu aliyechomekwa pini kwenye ubao huambatana na kikaratasi kinachotaja mahali na tarehe alipokamatwa. Kikaratasi kikipotea, mdudu hubaki mzima lakini maarifa yake yamekwenda. Hali ni hiyo hiyo kwa vitu vya ukumbusho wa safari za angani. Kitambaa kilichozunguka Mwezi hakitofautiani kwa jicho na kilichobaki ghalani. Kinachokitofautisha ni karatasi inayoshuhudia kuwa kilikuwamo. Kwa hiyo kitu cha ukumbusho ni simulizi fupi mno, yenye kitenzi kimoja tu: kilifika. Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuisoma simulizi hiyo, na pia ana haki ya kuuliza imenyamazia nini.

Mwaka 1970 zilitolewa stempu za Kenya, Uganda na Tanzania za kuadhimisha kufunguliwa kwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Mlima Margaret, katika Bonde la Ufa. Stempu hizo hazikuruka popote. Hata hivyo, zinashuhudia wakati ambapo Afrika Mashariki ilianza kuzungumza na dunia kupitia angani, na mtu aliyeibandika mojawapo kwenye barua kutoka Bungoma alishiriki katika historia hiyo bila kujua. Soko la wakusanyaji linakipa kilichofika Mwezini bei kubwa zaidi kuliko stempu hii. Lakini bei hiyo inapima umbali uliosafiriwa na kitu, haipimi uzito wa maana yake kwa msomaji.

Bahasha za Apollo 15

Mfano ulio wazi zaidi wa kukutana kwa kitu na simulizi ni safari ya Apollo 15 ya Julai na Agosti 1971. David Scott, James Irwin na Alfred Worden walibeba bahasha za posta zipatazo 400 ambazo hazikuwa zimeidhinishwa. Bahasha 100 kati ya hizo ziliishia kwa mfanyabiashara wa stempu nchini Ujerumani, aliyeziuza kwa bei ya juu. Habari ilipofichuka mwaka 1972, wanaanga hao walikaripiwa rasmi, na hakuna hata mmoja wao aliyeruka tena. Fedha walizoahidiwa walikuwa wamekwisha kuzirudisha. Mwaka 1983, baada ya Worden kwenda mahakamani, serikali ya Marekani ilizirejesha bahasha ilizokuwa imezizuia.

Kwa mkusanyaji, kisa hiki huongeza thamani ya bahasha. Kwa mhakiki, kinazua swali la usimulizi. Watu watatu walisafiri katika chombo kimoja, na kila mmoja aliandika. Irwin alitoa To Rule the Night mwaka 1973, na safari yake ikawa kisa cha kuamka kiimani. Worden alianza kwa ushairi, akachapisha diwani mwaka 1974, kisha akangoja hadi mwaka 2011 kutoa Falling to Earth. Scott alitoa kitabu chake mwaka 2004 kwa kushirikiana na Alexei Leonov, mwanaanga wa Kisovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani. Safari ni moja, ila nafsi za usimulizi ni tatu.

Kati ya vitabu hivyo, cha Worden ndicho kinachostahili kusomwa kwa makini zaidi, na sababu yake ni aibu. Alibaki peke yake akiuzunguka Mwezi kwa muda wa siku tatu hivi wenzake walipokuwa chini. Sehemu hiyo ya kitabu ni nzuri, lakini ilitarajiwa. Ambacho hakikutarajiwa ni jinsi anavyolirudia suala la bahasha, akieleza jinsi alivyomwamini kiongozi wake, alivyokubali, na alivyoyapoteza yote. Miaka 40 ilipita kati ya tendo na maelezo. Bahasha haiwezi kusema hayo. Inaweza tu kusema kuwa ilifika. Ni tawasifu pekee inayoweza kusema kuwa aliyefika alirudi akiwa amepungukiwa.

Suala la Kurudi na Suala la Sauti

Ukizipanga tawasifu za wanaanga kwa kigezo hiki, sura ya utanzu hubadilika. Return to Earth ya Buzz Aldrin, iliyotoka mwaka 1973, inasimama mbele kwa kuwa kiini chake ni huzuni iliyomlemea baada ya kurudi. Carrying the Fire ya Michael Collins, ya mwaka 1974, inasimama mbele kwa sababu nyingine: Collins aliiandika mwenyewe bila mwandishi wa kukodiwa, na kejeli anayoielekeza kwake binafsi haikupitishwa katika kalamu ya mtu mwingine. Kinyume chake, kitabu cha Yuri Gagarin cha mwaka 1961, kilichoandaliwa kwa msaada wa waandishi wa gazeti la Pravda, ni waraka muhimu wa historia, lakini nafsi inayosema humo ni ya dola kuliko ya mtu.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa tatizo hili. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Theodor Bumiller hadi Urusi na Siberia, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo ulioandaliwa na Carl Velten. Hapa pana Mswahili aliyefika mahali ambapo wasikilizaji wake hawakuwa na picha yake akilini, na akalazimika kuyapima mapya kwa maneno ya kwao. Hiyo ndiyo kazi ya mwanaanga pia. Lakini Selim hakuwa mwenye safari. Alisafiri katika utumishi wa mwingine, na maandishi yake yakapita mkononi mwa mhariri Mzungu. Kwa hiyo swali la nani anayemiliki safari na nani anayemiliki simulizi liliingia katika nathari ya Kiswahili miaka 60 kabla ya Gagarin kuruka.

Kumuse: Maisha Mbele ya Mashahidi

Katika jamii ya Wabukusu wa Bungoma, mzee mwenye heshima anapofariki, baada ya mazishi hufanyika khuswala kumuse. Fanani wa sanaa hiyo hutembea katika uwanja uliozungukwa na waombolezaji, akieleza asili ya watu, mwenendo wa koo, maisha ya marehemu na wajibu wa waliobaki. Hadhira hutulia. Wengi miongoni mwao walimjua marehemu kwa macho yao: waliishi naye, walidaiana naye, waligombana naye.

Inaweza kupingwa kwamba kumuse si tawasifu, kwa kuwa mwenye maisha hasemi. Pingamizi hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoufanya ulinganisho uwe na faida. Katika tawasifu ya mwanaanga, msemaji ni mmoja na shahidi hayupo, kwani waliokwenda naye ni wawili au watatu. Msomaji huamini kwa kuwa hana namna ya kukana. Katika kumuse, ukweli wa maisha hukabidhiwa kwa watu wenye uwezo wa kujua kuwa umepotoshwa. Ni kweli kwamba mashahidi nao huweza kuficha, na heshima ya msiba huweza kulainisha makosa. Hata hivyo, sanaa hiyo inashikilia kanuni moja ambayo rafu ya mkusanyaji haina: maisha ya mtu hayajakamilika kusimuliwa mpaka yamesikiwa na wanaohusika nayo. Fimbo au kigoda cha marehemu kinaweza kuhifadhiwa nyumbani, lakini hakuna anayedhani kuwa kigoda kimechukua nafasi ya maneno.

Kutoka Walenisi hadi Kitale

Fasihi andishi ya Kiswahili imewahi kumrusha mtu angani, na namna ilivyofanya hivyo inastahili kuwekwa kando ya tawasifu zilizotajwa. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo hapandi chombo kwa sababu ya ushujaa. Amehukumiwa, na chombo ni njia ya kumwua. Anafaulu kukiongoza, na anafika katika nchi ambayo jina lake, likisomwa polepole, ni sentensi kamili: wale ni sisi. Mkangi mwenyewe alikuwa amewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986, na si rahisi kukisoma chumba kile kinachoruka bila kukumbuka chumba kisichoruka. Upungufu wa riwaya ni kwamba, baada ya kufika, mara nyingi hoja huzungumza badala ya wahusika. Pamoja na hayo, taashira yake inakamilisha jambo ambalo tawasifu za Apollo hulikaribia tu: safari ya mbali ina maana pale ambapo walio mbali wanatambuliwa kuwa ni sisi.

Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Trans Nzoia, alichukua njia nyingine. Katika Siku Njema (1996) anamtoa kijana Tanga na kumleta hadi Kitale kumtafuta baba. Kwa msomaji wa kimataifa Kitale ni mahali pa mbali. Katika riwaya hii ndipo safari inapolenga. Katika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama (2014), jina la kitabu peke yake linatosha kuonyesha msimamo. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, hakutaja kitu alichorithi. Alitaja sauti anayoisikia. Mkusanyaji angeuliza mama aliacha nini. Mwandishi anauliza mama anasema nini.

Hitimisho

Makala haya hayadai kuwa kukusanya ni kazi bure. Bila Stoneham, Kitale isingekuwa na makumbusho yake. Linalodaiwa ni kwamba mkusanyo wowote wa safari za angani utakaofanywa katika maktaba na vyuo vya eneo hili uongozwe na kigezo cha sauti kabla ya kigezo cha kufika. Kwa kigezo hicho, Walenisi inastahili kukaa karibu na Carrying the Fire, na stempu ya Mlima Margaret karibu na picha ya Apollo.

Yapo pia yasiyoweza kungoja. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo iliungua ilipoingia tena katika hewa ya dunia mwaka 1979, na roketi ya mwisho kutoka jukwaa hilo ilirushwa mwaka 1988. Hakuna kipande chake kitakachopigwa mnada. Kilichobaki ni kumbukumbu za watu wa pwani walioziona roketi zikipaa na waliofanya kazi kando yake, na watu hao sasa ni wazee. Mwanafunzi wa uzamili wa Kitale au Bungoma aliyewahi kuketi katika duara la kumuse anajua namna ya kusikiliza maisha yakisimuliwa. Ujuzi huo unahitajika Malindi leo, kwa sababu mashahidi wenyewe hawana makumbusho ya kuwahifadhi.