Mizani ya Nukta: Kuihakiki Michoro ya Takwimu

Shairi halisomwi kwa kuhesabu vina peke yake. Mhakiki aliyefunzwa huuliza nani anasema, anamwambia nani, na ni jambo gani lililoachwa bila ya kutajwa. La ajabu ni kwamba maswali haya ni nadra kuulizwa mbele ya aina moja ya utungo ambayo siku hizi hupita machoni mwa watu wengi kuliko diwani zote, nayo ni mchoro wa takwimu. Grafu ya bei, ramani ya matokeo ya uchaguzi, duara la bajeti lililokatwa vipande vya rangi, yote hayo hupita gazetini, katika televisheni na katika simu za mkononi, na aghalabu hupokewa kama kioo kinachoakisi mambo yalivyo. Kumbe mchoro ni kauli. Una mtunzi, una fani na maudhui, na una mambo uliyoyanyamazia.

Tuanze na fani, kwa mfano wa sokoni. Mtunzi wa shairi la kimapokeo huzichunga mizani za kila mshororo; mchoraji wa takwimu naye ana mizani yake, yaani kipimo alichokichagua. Kilo ya mchele ikipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,100, bei imeongezeka kwa asilimia 5. Mchoraji anayeanza nguzo zake kwenye sifuri ataonesha nguzo mbili zinazokaribia kulingana. Anayezianza kwenye 1,900 ataonesha nguzo ya pili ikiwa na urefu maradufu ya ile ya kwanza. Tarakimu hazikuguswa, wala hakuna uongo ulioandikwa. Hata hivyo, mtazamaji wa mchoro wa kwanza ataondoka ametulia, na wa pili ataondoka na hofu. Asiyeijua fani hii huchezewa nayo.

Si kila anayeitumia fani hutaka kuhadaa. Mwaka 1858 Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza aliyehudumu wakati wa vita vya Crimea, alichapisha michoro miwili ya mduara juu ya vifo vya askari wa Uingereza. Kila mwezi ulipewa kipande chake. Buluu iliwakilisha maradhi yaliyoweza kuzuilika, nyekundu majeraha, na nyeusi sababu nyinginezo. Buluu ndiyo iliyotawala. Walioangamizwa na uchafu na maradhi walikuwa wengi kupita waliouawa na adui. Mduara wa kwanza unakoma Machi 1855, mwezi ambao kamati ya usafi iliyotumwa kutoka Uingereza iliwasili, na wa pili unaanza Aprili, na vipande vyake vinazidi kusinyaa. Kama mshairi anayejua pa kuukata mshororo, mtunzi alijua pa kuikata miaka yake miwili. Mkato huo ndio hoja yenyewe, nao ulielekezwa kwa watawala waliokuwa na uwezo wa kubadilisha hali.

Lakini fani, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiwezi kuzidi ukweli wa kile kilichohesabiwa. Mfano mashuhuri zaidi ni ramani ya daktari John Snow kuhusu kipindupindu cha mwaka 1854 katika mtaa wa Soho, London, kilichoua watu zaidi ya 600. Katika ramani hiyo kila kifo kina kistari chake cheusi, kilichowekwa kwenye nyumba alimoishi marehemu, na vistari vimerundikana karibu na bomba la maji la Broad Street. Hadithi husimuliwa kana kwamba daktari aliitazama ramani, akauona ukweli, na mpini wa bomba ukaondolewa. Mambo hayakwenda hivyo. Mpini uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854, na wakati huo maradhi yalikuwa yamekwisha kuanza kupungua. Ramani ilichapishwa baadaye. Kilichotangulia ni miguu na masikio: Snow alikwenda nyumba hadi nyumba akiuliza maji yalichotwa wapi.

Katika kuuliza huko alipata mambo ambayo nukta peke yake isingeyasema. Nyumba ya maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na watu 535, nao waliokufa ni 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu na bomba hakikupoteza mfanyakazi, kwani waliokuwamo walikunywa kinywaji cha kiwandani. Ushahidi uliokuwa mzito kuliko wote ulitoka mbali na mtaa huo. Mjane mmoja aliyehamia Hampstead, mahali pasipokuwa na kipindupindu, alifariki kwa maradhi hayo, na mpwa wake aliyemtembelea akafariki vilevile. Mjane huyo aliyapenda maji ya Broad Street tangu alipoishi huko, na kila siku aliletewa chupa yake kwa gari la farasi. Vifo hivyo viwili havikuuongeza mrundiko wa vistari vya Soho hata kidogo, lakini ndivyo vilivyoyafunga maji na maradhi katika fundo moja. Aliyetaka kuujua ukweli ilimlazimu atoke nje ya ramani.

Unguja nayo ina sehemu yake katika historia hii. Kipindupindu kiliposhambulia kisiwa mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie alikuwapo mjini akitibu. Mwaka 1876 alichapisha kitabu chenye ramani, akifuatilia mikurupuko ya maradhi hayo Afrika ya Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Ndani yake njia za maradhi na njia za biashara husomwa pamoja: misafara ya bara, bandari za pwani, safari za Hija. Mstari mmoja katika ramani ya namna hiyo huonekana mwepesi, kumbe umebeba mwendo wa wapagazi, mahujaji na mabaharia, watu ambao majina yao hayakuandikwa na ambao bila ya miguu yao pasingekuwa na cha kuchora.

Suala la shahidi lilirudi kwa jina lake lenyewe mwanzoni mwa mwaka 2008. Kenya ilikuwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha ramani ya intaneti waliyoiita Ushahidi. Aliyeona tukio aliweza kulitumia taarifa kwa ujumbe wa simu, nalo likawekwa mahali pake katika ramani. Kazi hii inastahili sifa. Iliwapa wananchi kalamu katika wakati ambapo wengi walitakiwa wanyamaze, na programu yake ikatumika tena Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Hata hivyo, jina zuri linadai haki yake. Katika mila na katika sheria, ushahidi hauachani na shahidi: hujulikana ni nani, alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake. Katika ramani, nukta hubaki na shahidi hufichika, na katika siku zile kumficha kulikuwa ni kumhifadhi. Gharama yake ni kwamba nyumba iliyochomwa na mtu aliyeuawa hukaribia kufanana. Tena, mahali pasipokuwa na mtandao wa simu, au pasipokuwa na aliyethubutu kuandika, hubaki peupe, na weupe huo husomwa kama amani. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133, nayo iliketi na kusikiliza. Ramani iliwahi, tume ilichelewa lakini ilisikia. Moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Weupe wa namna hiyo visiwa hivi vimewahi kuuishi. Kuanzia Mei 2020 ramani za dunia za korona ziliendelea kuionesha Tanzania na tarakimu zilezile: wagonjwa 509, vifo 21. Utangazaji wa takwimu ulikuwa umesitishwa, na haukurejea hadi katikati ya mwaka 2021. Tarehe 31 Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa korona. Tarehe 17 Februari alifariki dunia. Maelfu walihuzunika, na katika ramani idadi ya vifo ilibaki 21. Mgeni aliyeitazama kutoka mbali aliona nchi iliyosalimika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mchoro hauna rangi ya kimya, na mchoraji asiyetahadhari hukipaka rangi ya sifuri.

Visiwani msiba hutangazwa kwa jina la marehemu, jina la baba yake, mtaa wake, na mahali na saa ya maziko. Tangazo hilo halijumlishi chochote, na haliwezi kumwonesha waziri wa afya mwelekeo wa maradhi. Kwa hilo takwimu zinahitajika, na anayezidharau huwaachia wengine wamhesabie. Lakini kila hesabu ya vifo huanzia katika tangazo la namna hiyo, na pale tangazo linapozuiwa, hesabu hufa nalo.

Kwa hiyo kuisoma michoro hii kusiachiwe wanahisabati peke yao. Mwalimu wa fasihi anayemfundisha mwanafunzi kuuliza msemaji wa shairi ni nani anaweza kumweka mbele ya grafu ya gazetini na kumwuliza maswali yaleyale: nguzo zimeanzia wapi, nani alihesabu, alimwuliza nani, na sehemu iliyoachwa nyeupe ni ya watu waliosalimika au ya watu ambao hawakuulizwa.