Benchi la Bibi

Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alitaka kuanzisha huduma Mbare, mtaa mkongwe wa Harare. Chumba hakupata, wauguzi hakupata. Alipata bibi 14 wa mtaani na nafasi ya kuweka benchi nje ya zahanati. Alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Akina bibi wakakataa: nani atakubali kuonekana hapo? Likawa Benchi la Urafiki.

Ninachostaajabia ni ufundi wao. Mgeni huulizwa maswali 14. La kwanza ni la kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Yanafuata ya usingizi, ndoto mbaya, tumbo kuuma, hasira za bure, machozi, kazi kuzorota. Kwingine mtu huyu angezungushwa milango minne. Bibi anampokea mzima, na tumbo lake na madeni yake. Akitaja kujiua, anaitwa msimamizi mara moja.

Kisha huja kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Mgeni anamwaga yote: mume hana kazi, kodi imelala, dawa za virusi vya Ukimwi anazimeza kwa kujificha. Yote yakishatajwa, yeye mwenyewe huchagua tatizo moja, lile linaloshikika wiki hii, na kupanga hatua ya kwanza. Hapo ndipo nami huwavulia kofia. Sisi tumelelewa tukijua bibi ni wa kuusia. Bibi mwenye miaka 70 na jibu tayari ulimini, akalimeza, akauliza tena, akangoja! Hilo mtu hazaliwi nalo. Wamefunzwa, wakalifanyia mazoezi.

Jaribio lililochapishwa 2016, lenye watu 573 katika zahanati 24 za Harare, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona ni takriban asilimia 14 ya waliokaa benchini, dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Tangu hapo mabenchi yamefika hata Zanzibar.

Lakini mazungumzo hayalipi kodi, na bibi wanalijua hilo. Baada ya vikao, mgeni hukaribishwa kwenye kikundi kiitwacho Kubatana Tose, yaani kuungana sote. Wanaketi duara, wanafuma mikoba ya kuuza kwa plastiki iliyokwisha tumika, na kila mmoja anaeleza wiki yake ilivyokwenda huku mikono ikiendelea.