Misumeno Saba: Kuipima Sintesaiza ya Trance kwa Sikio

Ukifungua programu ya sintesaiza iliyotengenezewa trance, sauti ya kwanza hukupokea kwa mbwembwe zote: pana, inang'aa, imejaa mwangwi kama wa ukumbi mtupu. Usitoe hela bado. Zima mwangwi, zima dilei, zima korasi, kisha bonyeza noti moja na uishikilie. Mnunuzi wa nazi huitikisa sikioni kabla ya kulipa. Hapa nazi yako ni hiyo noti moja kavu.

Unachosikiliza ni wimbi la meno ya msumeno, mama wa trance yote. Mwaka 1996 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kinanda cha JP-8000 chenye wimbi lililoitwa Super Saw: misumeno saba ikilia pamoja, mmoja katikati, mitatu juu yake kidogo na mitatu chini yake kidogo. Trance ya Uholanzi na Ujerumani ya miaka iliyofuata iliegemea sana ukuta huo wa sauti, na programu nyingi za leo zinauiga. Wengi hudhani kuuiga ni kufikisha hesabu ya saba tu. Adam Szabo, katika tasnifu yake ya mwaka 2010 kwenye chuo cha KTH mjini Stockholm, alilipima wimbi hilo akaonyesha kwamba misumeno haikupangwa kwa nafasi sawa, kwamba kitufe cha kuitenganisha husogeza kidogo sana mwanzoni na kuruka mwishoni, na kwamba noti inapopigwa, kila msumeno huanzia popote ulipo katika mzunguko wake. Uhai wa sauti ile umo katika kutolingana huko.

Kwa hiyo piga noti ileile mara kumi. Kama mapigo yote kumi yanatoka sawasawa kama muhuri, wimbi linarudishwa mwanzo kila mara, na sauti ya kubeba melodi itakuchosha kabla wimbo haujafika katikati. Lakini kwa besi na kwa zile sauti fupi za kudonoa, kurudishwa mwanzo ndiko kunakofaa, maana kila pigo linatakiwa lipige kwa uzito uleule. Programu nzuri inakuachia uchague. Isiyokupa chaguo hilo siihesabu kuwa chombo cha trance, hata iwe na sauti elfu za tayari.

Halafu panda juu. Cheza noti ya oktava za mwisho, usukume taratibu gurudumu la kupindisha sauti. Kompyuta inayofanya kazi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba kitu kilicho juu ya 22,050 Hz. Msumeno uliotengenezwa ovyo hutupa huko mawimbi yake ya juu, nayo hurudi chini kama uchafu. Utausikia: noti inapanda, huku mluzi mwembamba unashuka. JP-8000 yenyewe ilikuwa na uchafu huo, ila watengenezaji wake waliweka filta iliyofuata noti na kufyeka kila kilichobaki chini yake. Uchafu kidogo unaweza kuwa kiungo. Mluzi unaoshuka waziwazi ni kazi mbovu.

Jambo ambalo wapangaji wengi wa sauti hulisahau ni hili: misumeno miwili iliyopishana senti 10, yaani sehemu ya kumi ya nusu toni, hupumua pamoja kwa kasi inayotegemea noti. Kwenye 110 Hz mapigo yake hayafiki hata moja kwa sekunde. Kwenye 440 Hz ni kama mawili na nusu. Kwenye 1,760 Hz yanapita kumi, na sauti haipumui tena, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Fundi mzuri hupunguza mpishano kadiri noti zinavyopanda. Mjaribu kwa kucheza kodi ileile chini, katikati na juu.

Sauti za tayari zina mitihani yake. Kwanza sawazisha ukubwa, maana inayopiga kelele zaidi siku zote itaonekana bora. Kisha sikiliza kwa mono: nyingi zinazojisifu kwa upana hubaki mifupa. Sauti ya kudonoa ipime kwa mwendo wa trance wenyewe. Kwenye biti 138 kwa dakika, moja ya kumi na sita hudumu milisekunde 109 hivi, na filta isipokuwa imeshajifunga ndani ya muda huo, donoo zitakanyagana na besi haitapata pa kupita. Sauti ndefu ya kutandika chini ya melodi ishikilie baa kumi na sita, karibu sekunde 28. Ikianza kujirudia kabla hujachoka kuishika, iache.

Niliwahi kununua kifurushi cha sauti 128. Nilipozima mwangwi, nilikuta sauti tisa. Tangu siku ile sinunui kifurushi kisichoniruhusu kuonja.

Kwa wanaouliza majina: Nexus ya reFX ilijulikana kama ghala la sauti zilizorekodiwa, linaloharakisha kazi, lakini katika matoleo yake ya awali hukuweza kuzama mpaka kwenye wimbi lenyewe. Sylenth1 ya LennarDigital ina osileta nne, kila moja ikiweza kutoa hadi sauti nane za pamoja, yaani misumeno 32 kwa noti moja, na bado naiweka mbele kwa donoo na melodi. Diva ya u-he ina filta tamu kuliko zote nilizozijaribu, ila hulemea kompyuta dhaifu. Uzuri wa kioo na rangi za vitufe usikushughulishe.

Kama mfuko umekauka, Surge XT hutolewa bure kabisa na Vital ina toleo la bure, na zote mbili zinatosha kwa kila jaribio nililolitaja. Pakua moja leo, tengeneza misumeno saba kwa mkono wako bila mwangwi wowote, na usikilize dakika tano kabla hujafungua sauti iliyopangwa na mtu mwingine.