Maneno na Ashiki katika Filamu Ma nuit chez Maud

Lawama inayotolewa mara kwa mara juu ya filamu za Éric Rohmer ni kwamba wahusika wake husema mno na kutenda kidogo. Ma nuit chez Maud, iliyotoka mwaka 1969, yafaa kuipimia lawama hiyo, kwani humo karibu kila jambo hupitia mdomoni.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mhandisi Mkatoliki, mfanyakazi wa Michelin mjini Clermont-Ferrand, amemwona msichana kanisani, naye amekata shauri moyoni kumwoa, ijapokuwa hawajasemezana hata neno. Kabla hajamfikia, rafiki yake Vidal, mwalimu wa falsafa na mfuasi wa Marx, anampeleka kwa Maud, daktari aliyeachana na mumewe na asiyeshika dini. Theluji inaanguka, Vidal anaondoka, mhandisi anabaki.

Wanajadili Pascal, mzaliwa wa mji huohuo, na dau lake juu ya kuwapo kwa Mungu. Mtazamaji mwenye haraka atadhani amelipia somo la falsafa. Lakini Maud amejilaza kitandani, na kila swali lake juu ya imani linamvuta mgeni au kumsukuma mbali. Hoja zimekuwa vazi la ashiki. Kamera ya Néstor Almendros, katika weusi na weupe, mara nyingi humwacha msemaji ikatulia juu ya uso wa msikilizaji, na Françoise Fabian, anayemwigiza Maud, anasikiliza kwa namna ambayo waigizaji wengi hawajui hata kusema. Mhandisi (Jean-Louis Trintignant) anazisifu kanuni zake huku amejiviringisha blanketi. Asubuhi anamkumbatia Maud, kisha anasita. Maud ndiye anayejitoa. Aliyenena usiku kucha ameshindwa kutamka ndiyo au hapana.

Françoise, yule msichana wa kanisani, amepewa maneno machache, na huenda mtu akaona kwamba mtunzi amempunja. Hata hivyo kimya chake kina siri: alikuwa na mpenzi, mume wa mtu. Anaposikia hayo mhandisi haulizi mengi, wala mtazamaji hahimizwi kuuliza.

Miaka mitano baadaye, mhandisi na Françoise, sasa mume na mke wenye mtoto, wanakutana na Maud ufukoni. Maneno ni machache, salamu tu na kuagana. Mume anataka kumwambia mkewe kwamba usiku ule halikutokea lolote. Anamwona amefadhaika, na papo hapo anatambua kwamba mpenzi wa zamani wa mkewe alikuwa mume wa Maud. Basi anaumeza ukweli na kukiri kosa ambalo hakulitenda, ili aibu isibaki kwa mke peke yake. Msemaji huyu hodari hajapata kusema neno lenye mapenzi kuliko uongo huo mfupi. Kisha watatu hao wanakimbilia majini.