Je, Mtu Aweza Kupimwa kwa Nambari Moja?

Mwaka 1987 Chama cha Matabibu wa Akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake wa utambuzi wa magonjwa kipimo kijulikanacho kwa herufi GAF, nacho kikadumu katika toleo la nne la mwaka 1994. Tabibu alitakiwa kuitazama hali ya mtu katika nafsi yake, kazi yake na mahusiano yake, kisha ampe alama moja kati ya 1 na 100.

Wema wa kipimo hiki usipuuzwe. Kilimkumbusha tabibu kwamba jina la ugonjwa halitoshi. Hana budi kuuliza pia kama mgonjwa anafanya kazi, kama ana rafiki, na kama anapatana na jamaa zake. Tena kilikataza kumpunguzia mtu alama kwa sababu ya ulemavu wa mwili au vizuizi vya mazingira yake.

Hata hivyo, kasoro imo katika msingi wake. Kilichanganya mambo mawili, yaani dalili za ugonjwa na utendaji wa mtu, na mambo hayo yalipotofautiana, lililo baya zaidi ndilo lililoamua alama. Tuchukue daraja la 41 hadi 50. Humo aliwekwa mwenye mawazo ya kujiua, ingawa kila siku aenda kazini na kurudi kwa watoto wake. Humo humo aliwekwa asiye na mawazo hayo, ila hana rafiki hata mmoja wala hadumu katika kazi yoyote. Wa kwanza ahitaji kulindwa usiku huu. Wa pili ahitaji watu wa kumpokea. Nambari yao ni ile ile.

Hili halikuwa jambo la nadharia tu, kwani huko Marekani alama hiyo ilitumika hata katika kupima madai ya fidia ya askari wastaafu. Toleo la tano la mwaka 2013 likaiacha kwa sababu ya utata huo, likaelekeza kwenye kipimo cha Shirika la Afya Duniani kinachouliza juu ya nyanja sita, mojamoja.

Nasi tusijione kuwa tumepona kosa hili. Mara ngapi twasema juu ya mshirika, “Anaendelea vizuri,” kwa kuwa tu tumemwona ibadani? Hiyo nayo ni alama moja. Tuulize yote mawili: anaumwa nini, na anaishije.